Kufundisha Yasiyoonekana: Gololi, Mawimbi na Mtawanyiko wa Chembe

Mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hana budi kuzungumzia vitu ambavyo yeye mwenyewe hajaviona na wala hataviona kwa macho yake. Hewa haionekani, lakini huweza kutiwa katika mpira wa baiskeli na kupimwa kwa mizani. Joto halionekani, lakini kipimajoto kipo. Ugumu mkubwa huanza pale muhtasari unapolitaja, hata kwa sentensi moja tu, neno "atomu". Hapo zana za kufundishia huwa zimekwisha, na mwalimu hubaki na chaki na ubao.

Mwanachuo mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, alichora ubaoni duara kubwa na viduara vinne vikilizunguka, akaeleza kwamba hiyo ndiyo atomu, na kwamba elektroni huzunguka kiini kama vile sayari zinavyolizunguka jua. Msichana wa darasa la saba alinyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, nani aliiona?" Mwanachuo akajibu kwamba wataalamu waliiona kwa hadubini yenye nguvu sana. Mtoto akaketi, akayaandika hayo katika daftari lake.

Jibu lile halikuwa la kweli. Ziko hadubini zinazoonyesha mahali zilipo atomu, lakini hakuna iliyopata kuonyesha elektroni ikizunguka kama kisayari, kwa sababu elektroni haifanyi hivyo. Linalotusumbua zaidi ni kwamba swali la mtoto yule lilikuwa bora kuliko yote yaliyosemwa katika kipindi kile. Yeye aliomba ushahidi, akapewa amri. Akirudishwa hivyo mara tatu nne, hatauliza tena.

Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi binadamu walivyopata habari za mambo ya ndani ya atomu, yaani kwa njia ya kurusha chembe na kutazama zinavyotawanyika. Kisha tutaeleza chembe hizo zinavyofikiriwa siku hizi, yaani kama mafungu ya mawimbi. Hatupendekezi hata kidogo kwamba mekanika ya kwanta ifundishwe katika shule ya msingi. Tunachosema ni kwamba mwalimu anayejua habari hizi kwa kiasi ataweza kuchagua maneno yake vizuri, na hatapanda katika akili ya mtoto mbegu ambayo mwalimu wa sekondari atalazimika kuja kuing'oa.

Kujua kwa kurusha

Popo hupiga sauti gizani na kusikiliza mwangwi wake. Mtu aliye katika chumba chenye giza akirusha mpira, huweza kujua ukuta uko wapi kwa jinsi mpira unavyomrudia. Jambo hili mwanafunzi wa darasa la nne huweza kulitenda mwenyewe kwa zana zisizogharimu kitu.

Chukua ubao mpana, wa sentimita 60 hivi kila upande, uuinue kwa vipande vya matofali kwenye pembe zake nne ili gololi ipite chini. Katikati, chini ya ubao, weka kopo la duara bila wanafunzi kuliona. Juu ya ubao bandika karatasi. Wanafunzi waviringishe gololi kutoka upande mmoja, zote kwa mwelekeo mmoja, na kila mara wachore kwa penseli ilikoingilia na ilikotokea. Baada ya dakika ishirini karatasi itakuwa imejaa mistari, na katikati patabaki mahali ambapo mistari yote hukatika na kugeuka. Ukiondoa kopo na kuweka mche wa sabuni, mistari itageuka kwa namna nyingine. Wanafunzi watabishana. Mwalimu asiharakishe kuinua ubao. Kwa maoni yetu, katika kipindi cha kwanza asiuinue kabisa, maana hakuna awezaye kuiinua atomu akatazama chini yake.

Kwa madarasa ya juu zoezi hili hutoa pia hesabu nzuri. Tuseme gololi 200 ziliviringishwa, zikaenea sawasawa katika upana wote wa sentimita 60, na 40 kati yake ziligonga. Sehemu iliyozuiwa ni 60 × 40 ÷ 200, yaani sentimita 12. Lakini gololi nayo ina unene wake: hugonga hata pale kitovu chake kinapopita nje kidogo ya ukingo wa kopo. Kwa hiyo tutoe kipenyo cha gololi, tuseme sentimita 1.5, na kopo litakuwa na upana wa sentimita 10.5. Mtoto amepima kitu asichokiona, wala hakutumia rula. Wanafizikia hufanya hesabu ya namna hiyo hiyo, isipokuwa wao huhesabu eneo badala ya upana.

Ndivyo ilivyofanyika kwa atomu. Mwaka 1909, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, Hans Geiger na mwanafunzi wa miaka 20, Ernest Marsden, walielekeza chembe za alfa kwenye mabamba membamba ya madini. Waliketi gizani na kuhesabu, kwa jicho lililo kwenye hadubini, vimulimuli vidogo vilivyotokea kila chembe ilipoanguka kwenye kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki. Karibu chembe zote zilipita. Lakini walipotumia platini waliona kwamba kama chembe moja katika kila 8,000 ilirudi nyuma. Mkuu wao, Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, aliieleza ajabu hiyo mwaka 1911: ndani ya atomu muna kitu kidogo mno, kizito, chenye umeme mwingi uliojikusanya mahali pamoja. Kitu hicho ndicho tunachokiita kiini. Hakuna aliyekiona. Kilijulikana kwa hesabu ya waliorudi. Hilo lingekuwa jibu la kweli kwa mtoto aliyeuliza, na darasa la saba lingelielewa mara moja iwapo lingekuwa limekwisha kucheza gololi chini ya ubao.

Gololi zinaposhindwa

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba chembe ni gololi ndogo sana. Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie alidai katika tasnifu yake kwamba kila chembe inayokwenda ina wimbi lake, na kadiri inavyokwenda kwa kasi zaidi ndivyo wimbi hilo linavyokuwa fupi. Uthibitisho ulikuja mwaka 1927, na ulisaidiwa na ajali. Clinton Davisson, katika maabara za simu za Bell mjini New York, alikuwa akirusha elektroni kwenye nikeli. Mwaka 1925 chupa ya hewa iliyogeuzwa maji ilipasuka na kuharibu chombo chake, nikeli ikapata kutu. Ili kuisafisha aliipasha moto kwa muda mrefu, na kwa kufanya hivyo fuwele nyingi ndogo za nikeli zikaungana na kuwa chache kubwa. Baada ya hapo elektroni hazikutawanyika tena kama zamani. Yeye na Lester Germer walipotumia nguvu ya volti 54, elektroni nyingi zilikusanyika kwenye pembe ya nyuzi 50, na kwenye pembe za jirani zikawa chache. Gololi hazina sababu ya kupendelea pembe moja namna hiyo. Mawimbi yanayotoka kwenye mistari ya atomu na kukutana vilele kwa vilele yanayo. Kutokana na pembe hiyo walipata urefu wa wimbi wa 1.65, na kwa kanuni ya de Broglie 1.67, vipimo vyote viwili vikiwa katika sehemu za milioni kumi za milimita.

Mwaka huo huo G. P. Thomson, huko Aberdeen, alipata ushahidi wa namna hiyo kwa kupitisha elektroni katika utando mwembamba. Baba yake, J. J. Thomson, ndiye aliyeigundua elektroni mwaka 1897, akaihesabu kuwa ni chembe. Baba na mwana, na wote wawili walisema kweli.

Kwa nini basi Rutherford, aliyehesabu kwa mawazo ya gololi, alipata jibu sahihi? Hapo bahati ilimsaidia. Mwaka 1928 Walter Gordon na Nevill Mott, kila mmoja kwa upande wake, walihesabu upya mtawanyiko ule kwa kutumia mawimbi, na kwa kani ya umeme baina ya chembe mbili walipata kanuni ile ile ya mwaka 1911. Kwa kani za namna nyingine majibu mawili hayo kwa kawaida hutofautiana.

Fungu la mawimbi

Wimbi lisilo na mwanzo wala mwisho halifai kueleza chembe iliyotoka kwenye chombo hiki na kuelekea kwenye shabaha ile. Wimbi la namna hiyo liko kila mahali, halina "kabla" wala "baada". Vitabu vingi huanza nalo kwa sababu hesabu zake ni rahisi, na msomaji hubaki akijiuliza ni lini hasa chembe ilifika. Maelezo ya kweli zaidi hutumia mawimbi yaliyofungwa pamoja, ambayo tutayaita fungu la mawimbi. Tumelichagua neno hili kwa makusudi, maana wote tunalijua fungu la nyanya sokoni: vitu vingi vilivyokusanywa mahali pamoja, vikauzwa kama kimoja.

Fungu hupatikana kwa kujumlisha mawimbi yenye urefu unaokaribiana. Chora mawimbi matatu juu ya karatasi ya miraba, moja la sentimita 4.5, la pili la 5 na la tatu la 5.5, yote yakianza na kilele mahali pamoja. Jumlisha vimo vyake hatua kwa hatua. Katikati vilele vitasaidiana. Ukienda mbali kidogo, kilele cha moja kitakutana na bonde la jingine, navyo vitauana. Kadiri mawimbi tofauti yanavyokuwa mengi, ndivyo fungu linavyokuwa moja, na ndivyo kimya cha pande mbili kinavyokuwa kirefu.

Kuna gharama. Ukitaka fungu jembamba, yaani chembe iliyo mahali panapojulikana sana, hunabudi kutumia mawimbi ya urefu mwingi tofauti. Na kwa kuwa urefu wa wimbi huenda na kasi, umelazimika kuchanganya kasi nyingi tofauti. Werner Heisenberg aliliweka jambo hili wazi mwaka 1927. Matokeo yake ni kwamba fungu jembamba halikai jembamba. Fikiria watoto wanaoanza mbio wakiwa wamebanana mstarini: wenye kasi hutangulia, wazito hubaki, na kundi hutandaa. Hapa kuna jambo ambalo mfano wa watoto hauna: kadiri fungu lilivyobanwa mwanzoni, ndivyo linavyotandaa upesi zaidi.

Hesabu itusaidie. Elektroni ya volti 54 husafiri kiasi cha kilomita 4,400 kwa sekunde. Fungu lake likibanwa hadi upana wa atomu moja, litakuwa limekwisha kuongezeka maradufu kabla ya kusafiri umbali wa atomu kumi na tano. Lakini likiwa na upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, litavuka sentimita 10 za chombo bila kutandaa kwa kiasi cha kupimika. Fungu hili la pili ni kubwa mara milioni moja kuliko atomu, lina mawimbi yapatayo 600,000 ndani yake, na bado ni kitu kidogo sana katika chumba cha maabara. Ndiyo maana mwenye majaribio huweza kusema kwamba elektroni imetoka huku na inakwenda kule. Ama gololi ya gramu 5, ambayo mahali pake panajulikana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, ingehitaji muda unaopita umri wa ulimwengu zaidi ya mara milioni moja ili itandae. Mwalimu asiwe na hofu kwamba gololi zake zitageuka mawimbi mezani.

Fungu linapoifikia shabaha

Fungu la elektroni linakaribia atomu. Kwa kuwa ni pana kuliko atomu, sehemu yake kubwa hupita pembeni kana kwamba hapakuwa na kitu. Lakini kutoka mahali palipo atomu huzaliwa wimbi jipya, lenye umbo la gamba la mpira, linalopanuka kuelekea pande zote, nene upande huu na jembamba upande ule. Nyuma ya atomu wimbi hilo jipya huchanganyika na lile lililopita na kulipunguza. Hicho ni kivuli cha atomu. Kilichopungua hapo ni sawasawa na kilichokwenda pande nyingine. Jumla haiongezeki wala haipungui.

Sasa inakuja sehemu ngumu. Gamba la mawimbi limeenea chumba kizima, lakini kihesabio kilichowekwa kando hakipati kipande cha elektroni. Ama kinapata elektroni nzima, ama hakipati kitu. Mwaka 1926 Max Born, akihesabu mtawanyiko hasa, alieleza kwamba wimbi hilo halituambii chembe itakwenda wapi. Linatuambia bahati ya kuikuta hapa au pale. Bahati hiyo ni mraba wa kimo cha wimbi. Inafurahisha kujua kwamba neno la mraba halikuwamo katika maandishi yake ya kwanza; alilitia kwenye tanbihi wakati makala yanasahihishwa kabla ya kuchapwa. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1954. Wanachuo ambao hufuta kazi zao kwa aibu waone kwamba tanbihi nayo huweza kuwa kitu.

Huo mraba si ushanga wa kupamba kanuni tu. Chembe ya alfa ni kiini cha heliamu. Ukiirusha katika gesi ya heliamu, mgongaji na mgongwaji ni sawa kabisa. Kwenye pembe ya nyuzi 45 kihesabio huweza kumpata mmoja au mwingine, kwa bahati sawa. Gololi zingehesabiwa hivi: moja na moja, mbili. Lakini chembe hizi haziwezi kupakwa rangi ili zitofautishwe, kwa hiyo mawimbi ndiyo yanayojumlishwa kwanza: kimo 1 na kimo 1 ni 2, na mraba wake ni 4. Mott alitabiri mwaka 1930 kwamba kwenye pembe hiyo zitapatikana maradufu ya zile za hesabu ya gololi. James Chadwick alizihesabu mwaka huo huo, akazikuta maradufu. Sisi hatujui mfano mwingine unaoonyesha tofauti baina ya gololi na mawimbi kwa hesabu ndogo kiasi hiki.

Yanayoweza kuingia darasani

Mchezo wa ubao tumekwisha kuueleza. Wa pili ni wa beseni. Tia maji yenye kina cha sentimita tano katika beseni jeupe na pana, uliweke nje jua likiwa juu, nawe utaona vivuli vya mawimbi vikitembea chini ya maji. Gusa maji kwa ukingo wa rula mara tatu au nne haraka, kisha acha: hilo ni fungu. Simamisha kijiti chembamba njiani. Wimbi litakipita na kuungana tena nyuma yake kana kwamba hakikuwapo, ila viduara hafifu vitaonekana vikitoka kwenye kijiti. Weka tofali badala ya kijiti, na nyuma yake patakuwa na utulivu. Waulize wanafunzi: je, kwa mawimbi haya tungeweza kujua umbo la kijiti, kama ni cha duara au cha mraba? Watagundua kwamba haiwezekani, kwa kuwa wimbi ni refu kuliko kijiti chenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo wanaotaka kuchungulia ndani ya kiini huhitaji chembe zenye kasi kubwa mno, yaani zenye mawimbi mafupi.

Mwenye macho makali ataona jambo jingine. Katika mawimbi madogo, yenye urefu usiozidi sentimita moja na nusu hivi, fungu huenda upesi kuliko vilele vyake: vilele huzaliwa mbele na kufa nyuma. Elektroni hufanya vivyo hivyo, fungu likienda mara mbili ya kasi ya vilele. Katika mawimbi makubwa ya baharini mambo ni kinyume. Hapo vilele hulipita fungu, hufika mbele na kutoweka. Waalimu walio pwani au kando ya maziwa wana nafasi ya kuwapeleka wanafunzi wakatazame wenyewe, nasi tunawahimiza wafanye hivyo.

Kila mfano una mahali unapokomea, na ni wajibu wa mwalimu kulitaja hilo waziwazi. Gololi hutupatia wazo kwamba chembe hupatikana nzima, lakini hutudanganya kuhusu njia. Maji hutupatia wazo la kuenea na kuchanganyika, lakini hutudanganya kwa kuwa wimbi la maji huweza kugawanywa nusu kwa nusu, na wimbi la elektroni si mtikisiko wa kitu chochote kinachoshikika. Mtoto akiuliza, "Basi elektroni ni gololi au ni wimbi?" mwalimu aseme kwamba si gololi wala si maji, bali hufanana na hili katika jambo moja na lile katika jambo jingine. Asichore sayari. Akilazimika kuchora atomu, na achore kiini kwa nukta moja, kisha akipake chaki kwa ubavu pande zote hadi kiwe kama wingu, akieleza kwamba chaki ikiwa nzito, hapo bahati ya kuikuta elektroni ni kubwa.

Kwa darasa la saba lipo zoezi la nukta. Mwalimu atayarishe karatasi zilizokunjwa, kila moja ikiwa na namba ya safu kati ya 1 na 9: karatasi nyingi za namba 5, chache za 3 na 7, nyingine chache zaidi za 1 na 9, na moja moja tu za 2, 4, 6 na 8. Kila mwanafunzi achukue karatasi bila kuchagua, atie nukta kwenye safu hiyo ubaoni, kisha airudishe kapuni. Nukta kumi za kwanza hazitaonyesha mpango wowote. Zikifika mia, michirizi itaonekana. Katika majaribio yaliyotangazwa Japani mwaka 1989, Akira Tonomura na wenzake walipitisha elektroni moja moja na kuzipiga picha, nukta kwa nukta, hadi michirizi ya mawimbi ikajitokeza. Picha zao ziko katika vitabu vingi vya fizikia, na zinafanana sana na ubao wa zoezi hili. Karatasi zisipungue hamsini, na zikorogwe vizuri kila mara, la sivyo wanafunzi wa dawati la mbele watatoa namba zile zile.